Safari ya meli "kila kitu kimelipiwa": wazee wetu wapande ipi?

SWALI: Mimi ni mzaliwa wa Unguja, nafundisha skuli Muyama, mkoani Kigoma. Mdogo wangu anaishi Uingereza, na Allah kamfungulia riziki. Anataka kuwalipia wazee wetu, pamoja na mimi, mke wangu na watoto wetu wawili (miaka 9 na 13), safari ya wiki moja kwa meli katika mto Rhine, kutoka Basel mpaka Amsterdam, mwezi wa Juni. Kanitumia vijitabu vya makampuni matatu, na kila kimoja kimeandikwa kwamba bei ina kila kitu ndani yake. Baba kafurahi. Mama anasema hapandi chombo chenye pombe, na mdogo wangu kaumia moyo. Je, tukubali? Na tukikubali, tuchague kampuni kwa kipimo gani?

JIBU: Sifa zote njema ni za Allah, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu, ahli zake na Maswahaba zake.

Ndugu yetu mwalimu, hili si swali la mtu mmoja tena. Familia nyingi za visiwani zina watoto Ulaya na Ghuba, na zawadi za safari zinaongezeka. Tutaeleza kwa urefu kidogo ili na wengine wanufaike.

Tuanze na maneno "kila kitu kimo". Sisi tumezoea tikiti ya chombo iwe ya kusafiri tu. Ukipanda boti ya Pemba au ya Dar es Salaam, umelipia kiti na kufikishwa. Huko uliko, watu wa Kigoma wanaijua meli ya Liemba ya Ziwa Tanganyika: ulikuwa unalipia daraja lako mpaka unakoshukia, na chakula unanunua mwenyewe au unabeba kikapu chako kutoka nyumbani. (Liemba yenyewe ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913 katika karakana ya Meyer, ikaletwa vipande vipande kwa meli na treni mpaka Kigoma. Karakana dada ya hiyo Meyer, iitwayo Neptun, iliyoko Rostock, ndiyo iliyojenga nyingi kati ya meli za mitoni ambazo mdogo wako anakuonesha picha zake.)

Meli hizi za Ulaya ni hoteli inayotembea. Urefu wake haupiti mita 135 na upana aghlabu ni kama mita 11 na nusu, kwa sababu lazima zipite kwenye milango ya maji ya mtoni. Abiria aghlabu ni kama 190 au pungufu. Bei moja inabeba chumba, milo mitatu, matembezi ya mjini na waongozaji, mara nyingine na bakshishi za wahudumu. Na inabeba vinywaji. Hapa ndipo mambo yanapogeuka kwa Muislamu. Vijitabu hivyo vimepangwa ili kampuni yenye vitu vingi zaidi ndani ya bei ionekane bora. Kwa mtu wa Ulaya huenda ikawa kweli. Kwa mama yako ni kinyume chake: kila bei inapokuwa na "kila kitu" zaidi, ndivyo sehemu ya pesa ya mwanawe inavyokwenda kwenye ulevi.

Scenic, Uniworld na Tauck hutia vinywaji vyote vya siku nzima ndani ya bei, pombe ikiwemo. CroisiEurope ya Strasbourg nayo hutia vinywaji. Viking na AmaWaterways hutia mvinyo na bia wakati wa chakula cha mchana na cha usiku. Kuna kundi jingine ambalo halisifiwi sana kwenye vijitabu: Riviera Travel ya Uingereza na nicko cruises ya Ujerumani huuza safari pamoja na chakula, na vinywaji vya baa ukavinunua wewe mwenyewe kwa hiari yako. Watangazaji huliona hilo kuwa upungufu. Sisi tunaliona kuwa ndiyo sifa ya kwanza ya kutafuta.

Nini hukumu ya kulipa bei moja iliyochanganya halali na haramu? Wanazuoni wa madhehebu ya Imam Shafi (Allah amrehemu) wameizungumzia mas-ala hii katika mlango wa biashara, pale vitu viwili vinapouzwa kwa mkataba mmoja, kimoja kinafaa kuuzwa na kingine hakifai. Kauli yenye nguvu zaidi kwao ni kwamba mkataba unasihi katika kile cha halali kwa fungu lake la bei, na unabatilika katika kile cha haramu. Kwa hiyo chumba, chakula na usafiri havigeuki haramu kwa sababu ya chupa iliyo mezani kwa mwengine. Lakini hilo si ruhusa ya kulipia pombe ukijua, hali ya kuwa una njia ya kuikwepa. Mdogo wako aiandikie kampuni na aombe bei isiyo na vinywaji. Kampuni ikikataa, na ipo nyingine inayouza bila ya vinywaji, basi aende kwa hiyo nyingine.

Linabaki lile linalomkera mama, na hapa mama yuko sahihi kuliko wote. Hata kama hamkulipia tone, meli hizi aghlabu zina ukumbi mmoja mkubwa wa chakula, na watu huketi meza za sita au nane pamoja na wageni wengine. Imepokewa kutoka kwa Mtume (Swalla Allaahu alayhi wa sallam) katazo la kuketi kwenye meza inayozungushiwa pombe. Kuwemo ndani ya chombo chenye pombe ni jambo moja, na hata ndege nyingi tunazopanda zinayo. Kukaa kwenye meza yenyewe huku ikimiminwa ni jambo jengine. Nyinyi ni watu saba mkimhesabu mdogo wako. Meza moja inawatosha. Aombe kwa maandishi, kabla ya kulipa, meza ya familia peke yenu kwa siku zote, isiyowekwa glasi za mvinyo. Jibu la mdomo la wakala lisiwatulize, kwa sababu wakala hayupo melini.

Chakula nacho kina mazungumzo yake. Kuhusu vinyama vya Ahlul Kitab kuna aya ya 5 ya Suratul Maaida, na wanazuoni wa leo wamekhitalifiana juu ya nyama za viwandani Ulaya kwa sababu ya namna ya kuchinja na kupiga shoti. Salama kwa wazee wenu ni samaki, mayai, mboga na mikate, na meli zote hizi hupika vitu hivyo kila siku. Yanayosahaulika ni madogo madogo: sosi ya samaki iliyotiwa mvinyo mweupe, supu ya mboga iliyoanzwa kwa vipande vya nguruwe, vitamu vyenye jelatini, keki zilizoloweshwa kwa pombe, na kikaango kimoja kinachokaangia kila kitu asubuhi. Msiandike tu "sisi ni Waislamu". Andikeni vitu hivi kimoja kimoja, kwa sababu mpishi wa Ulaya akiambiwa "hamna nyama" anaweza kukuletea samaki wa mvinyo akiwa na nia safi kabisa.

Kwa watoto wenu: Viking haipokei abiria aliye chini ya miaka 18. Basi kama moja ya vijitabu vitatu ni chake, kiwekeni pembeni, mjadala umekwisha. A-ROSA ya Ujerumani hupokea watoto, lakini vinywaji vyake navyo vimo ndani ya bei. Vyumba karibu vyote ni vya watu wawili, kwa hiyo familia yenu itahitaji vyumba vitatu au vinne, na mpange ni nani atalala na mtoto yupi.

Sala melini ni nyepesi kuliko watu wanavyodhani, ila Juni ina jambo lake. Cologne jua huzama karibu saa nne usiku, na kwa siku nyingi za mwezi huo weupe wa mbinguni haupotei sawasawa usiku kucha, kutoka huko kwenda juu mpaka Amsterdam. Watu hubaki wakiuliza Isha inaingia saa ngapi. Msafiri ana rukhsa ya kupunguza na ya kukusanya, na kwa kuwa hamtakaa mji mmoja siku nne kamili, rukhsa hiyo itabaki nanyi wiki nzima. Mkisali Maghrib kwa wakati wake kisha mkaunganisha na Isha, wazee watalala bila ya mashaka. Kibla huko ni kusini-mashariki, si kaskazini kama tulivyozoea Unguja, wala kaskazini ikielekea kidogo mashariki kama unavyoelekea huko Muyama. Na mto unapinda, basi meli ikigeuka ndani ya sala ya faradhi, nawe geuka uelekee kibla. Bora msali meli ikiwa imefunga bandarini. Anayeweza kusimama asisali faradhi amekaa kwa sababu tu yumo chomboni. Strasbourg kuna Msikiti Mkuu uliofunguliwa mwaka 2012, na Cologne upo msikiti mkubwa wa Ehrenfeld. Mkishuka huko, matembezi ya kampuni si lazima kuyafuata.

Sasa pesa, maana ya mdogo wako ni amana hata kama ni zawadi. Viza ya Schengen ni euro 90 kwa mtu mzima na kwa mtoto aliyefika miaka 12, na euro 45 kwa mwenye miaka 6 mpaka 11. Nyinyi sita mnaotoka Tanzania ni euro 495, na hazirudi hata mkikataliwa. Juu yake inatakiwa bima ya safari isiyopungua euro 30,000 za matibabu. Ombeni kwa ubalozi wa nchi ambayo meli italala siku nyingi zaidi. Msilipe safari yote kabla ya viza kutoka, isipokuwa kampuni imekubali kwa maandishi kurudisha pesa viza ikikataliwa. Wengine wenye kuchagua mto Danube wakumbuke kwamba Serbia haimo Schengen. Meli ikishuka mpaka Belgrade kisha ikarudi, viza yenu iwe ya kuingia zaidi ya mara moja.

Na mto wenyewe haupangiki. Kiangazi cha 2018 na cha 2022 maji ya Rhine yalipungua sana. Agosti 2022 kipimo cha Kaub kilishuka chini ya sentimita 40 (kipimo hicho si kina chote cha mto, lakini ndicho manahodha wanachokitazama). Hali ikiwa hivyo makampuni huwahamisha abiria kwenye mabasi, au huwashusha meli moja na kuwapandisha nyingine. Mikataba yao inaruhusu. Kwa mtu aliyenunua safari ya meli akapewa basi, hiyo ni ghururi ambayo sheria yetu inatutahadharisha nayo, basi ulizeni mapema: mkikosa siku tatu za meli, kinarudi nini? Kwa kuwa mdogo wako ananunua Uingereza, sheria ya safari za pamoja ya mwaka 2018 ya huko inampa haki ya kujitoa na kurudishiwa pesa kampuni ikibadilisha jambo kubwa la safari kabla ya kuondoka, au ikipandisha bei kwa zaidi ya asilimia 8. Alipe kwa pesa yake taslimu, wala asiingie kwenye malipo ya awamu yenye riba.

Bakshishi pia muulize. Scenic, Uniworld na Tauck wameitia ndani ya bei. Kwengine abiria hupendekezewa kama euro 10 mpaka 15 kwa mtu kwa siku, na kwa watu saba kwa wiki moja hiyo si pesa ndogo.

Tukiulizwa sisi, tungemwambia mdogo wako kuna njia ya tatu ambayo haimo kwenye vijitabu vyake. Kati ya Koblenz na Rüdesheim, kipande cha Rhine chenye ngome na milima ambacho UNESCO imekiingiza kwenye urithi wa dunia mwaka 2002, zipo meli za mchana za kampuni ya KD. Unakata tikiti ya kusafiri tu, kama ya Liemba. Unakaa juu kwenye upepo, ukitaka chai unanunua chai. Usiku mnalala nchi kavu, kwenye nyumba ya kukodi yenye jiko, na Cologne mabucha ya halali ya Waturuki ni mengi. Wazee wataona mto uleule, watoto watakimbia nje jioni, na mama hataketi meza moja na chupa. Hii ndiyo tunayoipendelea.

Ikiwa haikuwezekana, basi iwe kampuni isiyotia vinywaji ndani ya bei, meza yenu peke yenu, na majibu ya jikoni kwa maandishi. Ikiwa na hilo halikupatikana, mama ana haki ya kukataa, na mdogo wako asilichukulie kuwa ni kukataliwa yeye. Wewe uliye mkubwa ndiye wa kulifikisha kwake kwa ulimi laini, na si kwa ujumbe wa simu.

Hamkutaja kama wazee wameshahiji. Kama bado, na pesa ni ileile, muulizeni mdogo wenu kama yuko tayari kuigeuza zawadi yake. Mengi ya hapo juu ni ufafanuzi wa jumla. Mwenye hali inayotofautiana aifikishe kwa Ofisi ya Mufti wa Zanzibar au kwa mwanachuoni aliye karibu naye.

Wallaahu aalam.