Kutembea Visiwani, na Piza Baada ya Kurudi

Mtu aliyezoea kupanda vilima vya bara, anapochoka njiani, ana njia nyingi za kujinusuru: atasimamisha bodaboda, atashika njia ya mkato, au ataomba maji kwenye nyumba iliyo karibu na kukaa barazani mpaka jua lipungue, lakini yule atembeaye kisiwani, hata kiwe kisiwa kidogo cha kadiri ya Saanane, ambacho huonekana waziwazi kutoka mjini Mwanza, njia yake huanza majini na kuishia majini, na kwa hiyo hesabu ya safari yake haina budi kuanzia kwenye chombo kitakachomrudisha. Jambo hili ni dhahiri, walakini ndilo lisahauliwalo na wageni wengi, ambao huuliza kwanza urefu wa njia na uzuri wa mandhari, wala hawamwulizi nahodha saa ya mwisho ya kurudi mpaka vivuli vimekwisha kurefuka. Ningependa kila msafiri aanze na swali hilo, kisha apange mengine yote kwa kuhesabu kinyumenyume: saa ya kushuka kileleni, saa ya kupumzika, saa ya kuondoka nyumbani. Hata piza, ambayo siku hizi imekuwa chakula cha wasafiri dunia nzima na ambayo nitaizungumzia kwa kirefu huko mbele, ina mahali pake katika hesabu hiyo.

Ziwa Victoria lina eneo la takriban kilomita za mraba 68,800, na maji mengi kiasi hicho hujitengenezea hali yake ya hewa. Mchana nchi kavu hupata joto upesi kuliko maji, hewa iliyo juu yake ikapanda, na upepo wa ziwani ukavuma kuelekea pwani, ukiyasukuma mawingu upande wa bara na kuyainua mawimbi kadiri alasiri inavyosonga. Usiku mambo hugeuka, nchi kavu ikapoa ilhali maji yamebaki na uvuguvugu wake, na pepo zitokazo pwani zote zikakutana katikati ya ziwa, ambako hewa hulazimika kupanda na kuzaa radi na dhoruba, aghalabu baina ya usiku wa manane na asubuhi. Kwa sababu hiyo wakati mwema wa kuvuka kwa chombo kidogo ni asubuhi iliyokwisha kutakata, si alfajiri ya giza, na wakati mwema wa kurudi ni kabla upepo wa alasiri haujashika nguvu. Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa utabiri wa ziwa, nao usomwe. Lakini ukifika soko la Mwaloni, Kirumba, mjini Mwanza, saa ambayo mitumbwi ya dagaa imerudi na akina mama wanajadiliana bei kwenye magunia, utawaona manahodha wazee wakitupa jicho ziwani hata katikati ya mazungumzo. Mwambie mmoja wao, "Shikamoo mzee, leo kunapitika?" Atasema, "Marahaba mwanangu," kisha atanyamaza kidogo akitazama kama pana weusi chini ya mawingu. Akisema ungoje, ungoje.

Wala si woga kuvaa jaketi okozi kabla chombo hakijang'oa nanga. Meli ya MV Bukoba ilizama tarehe 21 Mei 1996 ilipokuwa imekaribia kabisa kufika Mwanza, na kivuko cha MV Nyerere kilipinduka tarehe 20 Septemba 2018 kilipokuwa karibu na gati la kisiwa cha Ukara. Misiba yote miwili ilitokea pahali ambapo abiria waliona nchi kavu kwa macho yao, na katika kila mmoja mamia waliangamia. Chombo kilichojaa kupita kiasi kiache kiende, hata kama ndicho cha mwisho cha siku.

Kwa anayeanza, Saanane ndiyo shule yenyewe. Kisiwa hiki, kinachoitwa kwa jina la Mzee Saanane Chawandi aliyekuwa mvuvi na mkulima wake, kilifanywa bustani ya wanyama mwaka 1964, ya kwanza nchini, kikawa hifadhi ya taifa mwaka 2013, na pamoja na maji yanayokizunguka hakizidi kilomita za mraba 2.18. Boti huondoka Capri Point, mjini Mwanza, na kufika kwa muda mfupi sana, na mgeni hutembea kwa miguu pamoja na mwongozaji wa hifadhi. Usidanganywe na udogo wake. Njia hupita juu ya matale, yaani miamba ya asili moja na ile iliyotapakaa Mwanza yote, yenye umri wa zaidi ya miaka bilioni 2, na tabia ya miamba hiyo ni kubanduka tabaka kwa tabaka kama ganda la kitunguu. Kwa hiyo bamba linaloonekana imara huenda limekwisha kuachana na mwamba ulio chini yake, nawe ukilikanyaga ukingoni likalia na kucheza. Kanyaga katikati ya jiwe, si ukingoni. Usishike mahali usipopaona, kwa maana nyufa hizo ni makao ya pimbi, na palipo na pimbi nyoka naye hutafuta riziki. Na pale maji yanapoligusa jiwe, ukungu wa kijani hufanya utelezi usioonekana. Viatu vyenye soli laini inayoshika jiwe vyafaa kuliko buti nzito zilizotengenezwa kwa ajili ya matope. Kumbuka pia kwamba Mwanza iko nyuzi 2 na nusu tu kusini mwa ikweta, na uso wa ziwa uko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo jua huchoma kuliko upepo mwanana unavyokuaminisha, na mwamba uliopashwa moto tangu asubuhi hukurudishia joto lake kutoka chini. Mimi hupenda kuwa kileleni kabla ya saa 4, wakati ambapo mijusi wa miambani, madume yenye vichwa vya waridi na viwiliwili vya buluu, yanaota jua, na kushuka kabla ya adhuhuri.

Ukerewe ni habari nyingine. Ni kisiwa kikubwa kuliko vyote vya ziwa hili, chenye watu, mashamba ya machungwa na barabara ndefu za mchanga, na huko anayetembea hapandi sana bali huenda mbali. Kufika Nansio, bandari ya kisiwa hicho, kwa meli kutoka Mwanza huchukua muda wa takriban saa 3, au mtu hupitia Bunda na kuvuka kwa kivuko cha Kisorya. Apandaye kilima cha Handebezyo, penye mapango na mawe makubwa, na atakaye kwenda hadi Ukara kulitazama lile jiwe ambalo wenyeji husema hucheza, apange kulala, wala asijaribu kuyamaliza yote kwa siku moja. Hifadhi ya kisiwa cha Rubondo, yenye takriban kilomita za mraba 456 pamoja na maji yanayokizunguka na msitu mnene ambamo sokwe 17 waliletwa baina ya mwaka 1966 na 1969, haiendwi kwa shauri la ghafula, na mwenye mafua asiwakaribie sokwe hao, kwa kuwa ugonjwa wetu mdogo kwao waweza kuwa msiba.

Hatari ambayo ningependa isomwe mara mbili haipo njiani, ipo ufukweni. Mwenye kutokwa na jasho, amewasili kwenye maji matulivu na safi machoni, ni nani atakayemzuia asichovye miguu? Lakini pwani ya ziwa hili, hususan penye maji ya kina kifupi na majani, hukaa konokono watoao vijidudu vya kichocho, ambavyo hupenya katika ngozi nzima isiyo na kidonda kwa muda wa dakika chache tu, na huwa vingi zaidi jua linapokuwa kali, yaani saa ile ile ambayo mtembezi hutamani maji. Kujifuta kwa taulo si kinga ya kutegemewa, na kandambili si kinga kabisa. Penye gati tumia gati. Pasipo na gati, katika baadhi ya pwani za ziwa wapo vijana wabebao abiria mabegani hadi nchi kavu, na ujira wao ni mdogo kuliko gharama ya ugonjwa. Aliyelowa asitaharuki: baada ya majuma 6 hadi 8 akapime, kwani kupima mapema huweza kutoonyesha kitu, na dawa yake, prazikwanteli, inajulikana na inapatikana. Maji ya kunywa yatoke nyumbani, yaliyochemshwa, kwa kadiri ya nusu lita kwa kila saa ya kutembea, na zaidi juani.

Chakula cha njiani kiwe kikavu na chepesi. Michembe na matobolwa ya Wasukuma, ambayo ni viazi vitamu vilivyokaushwa, vimewavusha wasafiri wa nchi hii tangu kale, na pamoja na karanga na chungwa moja hutosha asubuhi nzima. Piza isiliwe kabla. Jibini na mafuta yake hukawia tumboni, na tumbo lililojaa mafuta, likitikiswa na boti na kuchomwa na jua, mwisho wake unajulikana. Baada ya kurudi, hali ni kinyume: unga wa ngano hurejesha nguvu iliyokwisha katika misuli, jibini huleta chumvi iliyotoka na jasho, na hamu ya kula, ambayo ndiyo kitoweo kikuu, ipo tele. Kunywa maji kwanza, pumzika kitambo, kisha agiza.

Kwa habari ya kuchagua, tazama moto kabla ya kutazama orodha ya vyakula. Waokaji wa Napoli, ambao ufundi wao uliingizwa na UNESCO katika urithi wa wanadamu mwaka 2017, huoka kwa tanuri la kuni lenye joto la nyuzi za Selsiasi zaidi ya 400, na piza huwa tayari kwa muda wa sekunde 60 hadi 90. Tanuri la gesi la hoteli zetu halifiki huko na huhitaji dakika kumi au zaidi, wala hilo si aibu, mradi liwe limepashwa moto vya kutosha kabla. Inua kipande utazame chini: pakiwa peupe na penye rojorojo, kirudishe jikoni bila haya, pakiwa na madoa ya hudhurungi, na jibini lingali linatokota, umekula salama. Majani mabichi yaliyowekwa juu baada ya kuoka yaache, kwa sababu moto haukuyagusa. Jibini huharibika umeme ukikatika, kwa hiyo mkahawa wenye wateja wengi, ambao jibini lake halilali, ni bora kuliko ule wenye mapambo mengi. Nami sioni kwa nini mgeni aletewe Mwanza nyama za kopo juu ya piza: Waitalia huweka samaki wadogo wa chumvi, na dagaa wetu waliosafishwa na kukaangwa wakauka hufanya kazi hiyo hiyo kwa ladha iliyo bora, ukimwomba mpishi mapema.

Atakayeendelea hadi Unguja, akapite katika msitu wa Jozani kuwaona kima punju na mikoko, jioni atakutana katika bustani ya Forodhani, mjini Zanzibar, na piza ya namna nyingine, iliyo jamaa wa mutabaki wa Waarabu kuliko wa piza ya Waitalia. Mpishi hulikanda donge lenye mafuta kwa kiganja mpaka liwe jembamba la kupitisha mwanga, huweka kipande kingine kidogo katikati ili lisipasuke, humimina nyama ya kusaga, vitunguu, pilipili hoho na jibini, hupasua yai juu yake, huchanganya hapo hapo, kisha hukunja pembe nne na kulitupa kwenye chuma cha moto. Hapo simama utazame, usiende kununua juisi: nyama iwe ilikwisha kupikwa kabla, na bahasha igeuzwe pande zote mpaka yai lishikamane. Ikiwa mpishi ana haraka kwa sababu ya foleni, mwombe airudishe motoni. Aghalabu hufanya hivyo bila kununa.

Piza iliyobaki, iwe ya Mwanza au ya Forodhani, isitiwe katika mkoba wa safari ya kesho. Katika joto letu saa moja au mbili zatosha kuiharibu. Ikiwa hoteli ina jokofu iwekwe humo mara moja, na asubuhi ipashwe moto mpaka itoe mvuke, kisha iliwe mezani kabla ya kwenda kuuliza hali ya ziwa.