Ukibadilisha Tairi la Mbele, Spidomita Itasema Nini?

Mwenye Honda CG125 ya miaka ya nyuma akienda dukani kutafuta tairi la mbele la 2.50-18, mara nyingi huambiwa halipo, achukue 2.75-18. Hapo huanza wasiwasi: mshale wa spidomita utasema kweli tena? Jibu langu ni kwamba hesabu itabadilika, lakini kwa kiasi kidogo kuliko wengi wanavyodhani. Kinachostahili kuangaliwa zaidi ni upande ambao kosa linaelekea.

Nimeichagua CG125 kwa sababu ukoo wake umeenea. Honda waliitoa mwaka 1976 wakiwalenga watu wanaotumia pikipiki kwa kazi ya kila siku, mbali na karakana kubwa, na injini yake imenakiliwa na viwanda vingi vya China. Pikipiki kadhaa zinazobeba abiria mitaani kwetu zina injini ya ukoo huo.

Kwanza ujue spidomita yako inachukua wapi mzunguko. Kwenye CG125 kuna gia ndogo kwenye habu ya gurudumu la mbele, na kebo hupanda kutoka hapo hadi kwenye saa. Kwa hiyo tairi la mbele ndilo rula ya pikipiki nzima. Si kila pikipiki iko hivyo. BMW za miaka ya 1970 huchukua mzunguko kwenye gia boksi, na Triumph nyingi za wakati huo kwenye gurudumu la nyuma. Mwenye pikipiki za namna hiyo anaweza kubadilisha tairi la mbele na mshale usijue lolote. Tairi la nyuma ndilo la kumshughulisha.

Sasa tusome namba. Katika 2.50-18, namba ya kwanza ni upana wa tairi kwa inchi na ya pili ni kipenyo cha rimu. Matairi haya ya mtindo wa zamani huchukuliwa kuwa kimo cha ukuta wake kinakaribiana na upana. Zidisha 18 kwa 25.4 upate milimita 457.2, kisha ongeza ukuta mara mbili, juu na chini. Kwa 2.50 kipenyo kizima ni takriban milimita 584, kwa 2.75 ni takriban 597. Tofauti ni asilimia 2.2. Mshale ukisoma 50 kwenye tairi hilo jipya, na spidomita ikiwa ilikuwa sahihi kabisa na la zamani, wewe uko kwenye 51 na kidogo. Ukisoma 80, uko karibu na 82. Hakuna aliyekamatwa kwa tofauti hiyo, wala aliyeanguka.

Matairi ya namba za kisasa huandikwa kwa milimita. 80/90-18 maana yake upana ni milimita 80 na ukuta ni asilimia 90 ya upana huo, yaani 72. Kipenyo chake ni kama 601, karibu sana na 2.75-18. Wenye Honda CB750 za mwanzo, zilizotoka na 3.25-19 mbele, hukutana na jambo hilihili wakichagua kati ya 90/90-19 na 100/90-19. La kwanza lina kipenyo cha takriban 645, la pili 663. Kwa hesabu, 3.25-19 ni 648, hivyo 90/90 ndilo lililo karibu zaidi ingawa jicho linaweza kulipenda lile nene. Lakini haya ni makadirio. Tairi la inchi la kiwanda kimoja si lazima lilingane na la kiwanda kingine lenye namba ileile.

Tairi kubwa kuliko la awali huzunguka mara chache zaidi katika kila kilomita, kwa hiyo mshale husoma pungufu na wewe unakwenda kasi kuliko unavyoambiwa. Tairi dogo hufanya kinyume. Kanuni namba 39 ya Umoja wa Mataifa inakataza spidomita kuonyesha mwendo ulio chini ya mwendo halisi, ila inaruhusu izidishe kwa kiasi, na ndiyo maana viwanda vingi huacha mshale uwe mbele kidogo ya ukweli. Ukivaa tairi kubwa unaila akiba hiyo. Kwa hatua moja, kama ya kutoka 2.50 kwenda 2.75, mara nyingi haiishi. Ukiruka hadi 3.00, ambayo ni zaidi ya asilimia 4 juu ya 2.50, unaweza kujikuta unaendesha kwa mshale unaokuficha mwendo.

Ukitaka uhakika, pima mwenyewe. Jaza upepo unaotakiwa, chora alama ya chaki kwenye tairi na sakafuni, kaa juu ya pikipiki, mwenzako aisukume mbele kwa mstari ulionyooka hadi gurudumu lizunguke mara tano. Pima urefu wa njia hiyo, ugawe kwa tano. Uzito wako hulibonyeza tairi, hivyo utapata pungufu ya hesabu ya karatasi. Fanya hivyo kwa tairi la zamani kabla halijatolewa, kisha kwa jipya, ukikumbuka kwamba tairi lililofikia kipara limeshapoteza milimita kadhaa za kipenyo.

Kuna jambo ambalo hata mafundi wazuri hulichanganya. Ndani ya saa ileile mna vipimo viwili vinavyofanya kazi kwa njia tofauti. Namba za kilomita husukumwa na gia moja kwa moja. Haziwezi kuchoka zikasoma pungufu. Mshale hauunganishwi na gia. Kebo huzungusha sumaku ndani ya kikombe cha alumini, mikondo ya umeme inayozaliwa kwenye kikombe hukivuta kifuate, na springi nyembamba hukizuia. Ubunifu huo Mjerumani Otto Schulze aliuwekea hataza mwaka 1902. Baada ya miaka mingi sumaku hupungua nguvu, na mshale husoma chini.

Kwa hiyo jaribu vyote viwili. Tafuta barabara kuu yenye nguzo za kilomita, uende kilomita 10, uangalie namba. Kisha shika mwendo mmoja kwenye tambarare huku abiria wako akisoma mwendo kwenye simu yenye ramani. Ukiwa na 2.75 mahali pa 2.50, namba zikionyesha 9.8 tairi limejieleza lote. Kama wakati huohuo mshale uko 40 na simu inasema 50, usilaumu tairi. Saa ndiyo mgonjwa. Na kama namba zenyewe zinasema 9 au 11, gia ya kwenye habu ni ya pikipiki nyingine.

Hesabu ya spidomita, hata hivyo, isiwe ndiyo inayokuchagulia tairi. Rimu nyembamba hulibana tairi nene, likachongoka na kugeuka kwa ugumu. Angalia nafasi chini ya madigadi na kati ya miguu ya shokapu, tope likishajaa. Angalia pia herufi ya kasi (J ni kilomita 100 kwa saa, P ni 150) na uzito unaobebeka, hasa ukipakia abiria. Lipo la kipimo cha kiwanda? Chukua hilo.

Siku ya kufunga, simama karibu na fundi. Gia ya spidomita ina masikio mawili yanayopaswa kuingia kwenye nafasi zake ndani ya habu. Ekseli ikikazwa yakiwa nje, hupondeka, na mshale unalala siku hiyohiyo. Kabla nati haijakazwa, chomoa kebo upande wa juu, uzungushe gurudumu kwa mkono, uone ncha yake ikizunguka.