Kabla ya Kumnyooshea Mtu Kidole

Akina mama, Basil Rathbone alicheza filamu 14 za mpelelezi Sherlock Holmes, kati ya 1939 na 1946. Moja ni Terror by Night, isiyo na rangi. Ndani ya treni ya London kwenda Edinburgh mtu anauawa. Daktari Watson anawashuku mzee mmoja na mkewe. Kumbe wao waliiba birika la chai tu! Holmes anachunguza taratibu, na kugundua kuwa muuaji alijificha ndani ya jeneza.

Huku kwetu Mwanza bibi vizee wameuawa kwa kushukiwa uchawi, eti macho yao mekundu, kumbe ni moshi wa mafiga. Tukiitazama filamu hii na watoto, tuwazoeze kuuliza: ushahidi uko wapi?