Magoti Yanalia, Figo Zinanyamaza

Siku moja walimleta mama mmoja hospitalini kwetu juu ya kipoyi. Alikuwa mzee aliyepita miaka 60, mlimaji wa mihogo tangu utoto wake. Alikuwa ameharisha siku tatu. Midomo yake ilikauka, macho yalizama, na tangu jana yake asubuhi hakukojoa hata tone.

Nikamwuliza, "Mama, umekunywa dawa gani?"

Akajibu, "Hakuna dawa, mwanangu. Ni vile vidonge vyangu vya magoti tu."

Binti yake akafungua fundo la kitenge, akatoa vidonge vya namna mbili. Vingine vilikuwa diklofenaki, vingine ibuprofene. Mama alivinunua sokoni na kuvimeza asubuhi na jioni kwa muda wa miaka miwili. Hata siku zile za kuharisha hakuviacha.

Mama huyu hakutudanganya. Kweli aliona kwamba vidonge hivyo si dawa, kwa sababu kila mtu kijijini anavimeza. Basi, sikilizeni vizuri neno hili.

FIGO ZINAFANYA KAZI GANI?

Kila mtu anazo figo mbili, nyuma ya tumbo, chini ya mbavu. Kila siku zinachuja maji ya damu yapata litre 180. Karibu yote yanarudi mwilini. Litre moja au mbili tu zinatoka kuwa mkojo, pamoja na uchafu wa mwili.

Goti likiumwa, hulia, nawe unalisikia. Figo hazilii. Zinaweza kupoteza zaidi ya nusu ya nguvu zake, na mtu asijue, anaendelea kulima na kucheka.

DAWA INADHURU FIGO KWA NJIA GANI?

Mwili wetu hutengeneza kitu kinachoitwa prostaglandini. Katika goti bovu kitu hiki huongeza uvimbe na maumivu. Lakini katika figo kinafanya kazi njema: maji ya mwili yakipungua, kinashika njia ya damu iwe wazi, figo zisikose damu. Mwaka 1971 mtaalamu mmoja wa Uingereza, John Vane, alionyesha kwamba aspirini inazuia mwili kutengeneza kitu hiki. Ibuprofene, diklofenaki, indometasini, naprokseni na piroksikamu ni za jamaa moja na aspirini.

Dawa hizi hazijui kutenga goti na figo. Zikituliza goti, zinafinya pia njia ya damu ya figo. Mtu mwenye afya anayekunywa maji ya kutosha, akizimeza siku chache kwa kipimo, mara nyingi hapati shida. Lakini akiharisha, akitapika, au akipata homa kali, maji yanapungua na njia inafinywa pamoja. Hapo figo zinakosa damu. Ndivyo ilivyompata mama yule.

Hatari hii ilijulikana zamani. Mwaka 1953 wanganga wawili wa Uswisi, Spühler na Zollinger, waliandika habari za watu walioharibika figo, wakaona dawa za maumivu zilizochanganywa na fenasetini kuwa na lawama. Watu wengi walizimeza kila siku, miaka mingi. Marekani iliiondoa fenasetini mwaka 1983. Dawa ile imekwisha, lakini desturi ya kumeza kila siku bila kupimwa haijaisha.

NANI AOGOPE ZAIDI?

Wazee, wenye ugonjwa wa sukari, wenye tansio ya kupanda, wenye ugonjwa wa moyo, wa maini au wa figo. Tena wale wanaomeza dawa za tansio pamoja na dawa za kukojolesha: wakiongeza kidonge cha magoti, hatari inazidi sana. Mama mwenye mimba asizimeze pasipo ruhusa, kwa maana tangu mwezi wa tano zinaweza kudhuru hata figo za mtoto tumboni.

FANYENI HIVI

1. Usimeze namna mbili za jamaa hii pamoja. Majina ni mbalimbali, kazi ni moja.

2. Meza kipimo kidogo kinachokusaidia, kwa siku chache. Maumivu yakipungua, acha.

3. Siku ya kuharisha, kutapika au homa kali, acha vidonge hivi. Mwenye kuharisha anywe maji ya sukari na chumvi: litre moja ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazishwa. Lakini kama munganga alikupa aspirini ndogo kwa ajili ya moyo, mwulize yeye kwanza.

4. Mwulize munganga kama parasetamoli inakutosha. Hiyo haifinyi njia ya figo kama zile, lakini ikizidi inaua maini. Mtu mzima asipite vidonge 8 vya miligramu 500 kwa siku moja. Mwenye mwili mdogo na mnywaji wa pombe wapunguziwe.

5. Saidia goti kwa njia nyingine. Shika fimbo kwa mkono wa upande usio na goti bovu. Punguza mzigo wa kichwani. Kaa kitini, nyosha mguu mbele, hesabu mpaka tano, ushushe. Fanya hivyo mara kumi, asubuhi na jioni. Mafuta ya diklofenaki ya kupaka yanaingia katika damu kidogo kuliko vidonge.

6. Kama huwezi kuacha vidonge, njoo upimwe damu, mkojo na tansio kabla ya kuanza, tena baada ya majuma machache, kisha kila miezi michache.

7. Mkojo ukipungua, uso au miguu ikivimba, pumzi ikikata, au choo kikiwa cheusi kama lami, acha vidonge na uje upesi. Usingoje siku ya soko.

Mama yule tulimtia maji katika mshipa. Siku ya tatu mkojo ulianza kutoka, na binti yake akalia kwa furaha. Lakini tulipopima damu tena baada ya miezi, figo hazikurudia nguvu zote za kwanza. Sasa anatembea na fimbo, anapaka mafuta, anameza parasetamoli siku za maumivu makali. Magoti yanamwuma bado, naye analima shamba dogo kuliko la zamani. Lakini yuko hai.

Basi, ndugu, ukija kwetu na tukikuuliza unameza dawa gani, usituambie za magoti si dawa. Fungua kitambaa, weka vidonge vyote mezani, hata vile vya sokoni. Hatutakukaripia.