Je, kilichomezwa na shimo jeusi hupotea milele?

UKITAJA Juba, wengi hukumbuka vita na mafuta. Mimi nilitoka huko na swali la anga, nililoulizwa na kijana anayesoma fizikia: kilichomezwa na shimo jeusi hupotea kabisa?

Si swali la anasa. Chuo Kikuu cha Juba, kilichoanzishwa mwaka 1975, kilihamishiwa Khartoum mwaka 1989 kwa sababu ya vita. Wenyeji wanaujua uchungu wa kupoteza kumbukumbu.

Shimo jeusi ni kitu kizito ambacho hata mwanga hauchomoki ndani yake. Afrika Mashariki ina mchango hapa. Setilaiti ya Uhuru, iliyorushwa baharini karibu na Malindi Desemba 12, 1970, ilisaidia kulitambua shimo la Cygnus X-1.

Mwaka 1965, Roger Penrose alionyesha kuwa, kwa hesabu za Einstein, ndani ya shimo njia za vitu hukatika ghafla. Mwaka 1974, Stephen Hawking akaongeza kuwa, kwa kanuni za kwantamu, shimo hutoa joto na kupungua polepole. Lakini jiko la makaa hupoa kadiri makaa yanavyokwisha. Shimo hili hufanya kinyume, huzidi kuwaka hadi liishe. Likiisha, habari za vyote lilivyomeza zitakwenda wapi? Kanuni za kwantamu hazikubali zipotee.

Hapo ndipo wengine hurejea kwa James Bardeen, aliyependekeza mwaka 1968 shimo ambalo katikati yake hakuna mahali pa kukatika. Katika mifano mingi ya aina hiyo, joto hupanda hadi kilele, kisha hushuka, na shimo huacha kuyeyuka. Hubaki kaa dogo baridi, ambalo huenda likahifadhi habari hizo.

Nasema huenda, kwa kuwa hakuna aliyepima joto hilo. Shimo lenye uzito wa Jua lina joto lisilofika hata sehemu moja ya milioni kumi ya nyuzi moja juu ya baridi kuu kabisa. Anga linalolizunguka lina nyuzi 2.7, hivyo leo shimo hupokea joto kuliko linavyotoa.

Nilimwambia kijana kwamba mjadala haujafungwa, na kwamba kuuingia hakuhitaji darubini ya mabilioni. Wengi wanaoushughulikia hufanya hesabu kwa kalamu na karatasi, na hivyo hata Juba vipo.