Mwizi wa Maneno Naye ni Mwizi

Nyayo Highrise ni majumba ya ghorofa yaliyo karibu na Kibera, mjini Nairobi. Katika mojawapo ya majumba hayo anakaa bibi mmoja mzaliwa wa Mombasa, achumaye riziki yake kwa mapishi ya kwao: mahamri, kaimati, mkate wa sinia na mkate wa mayai. Mwanawe alimfungulia tovuti kwenye intaneti. Humo bibi akaeleza, kwa Kiswahili chake cha Mvita, namna ya kupika kila kitu, na akatia picha alizopiga mwenyewe. Wasomaji wakawa wateja.

Ramadhani moja oda zikapungua ghafla. Mteja wake wa Makina akampigia simu: "Bi mkubwa, kumbe umefungua duka jingine?" Alipotazama, akaikuta tovuti ya mtu mwingine ina maelezo yake yote, neno kwa neno, na picha zake zote. Hata dirisha la jikoni mwake lilionekana, na nguo za jirani zilizoanikwa ng'ambo. Kilichokosekana ni jina lake tu.

"Mahamri si yangu, mwanangu," aliniambia nilipomzuru. "Ni ya Waswahili wote. Lakini maneno yale niliyaandika mimi, na dirisha lile ni langu."

Bila ya kusoma sheria, bibi huyo alilitamka jambo lile lile lisemwalo na sheria. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 hailindi wazo. Hulinda maandishi na picha zilizotokana na jasho la mtu. Kila mtu ana ruhusa ya kupika mahamri na kueleza apikavyo kwa maneno yake. Hana ruhusa ya kuchukua maelezo ya mwenziwe akayafanya yake. Na haki hiyo huanza pale kazi inapoandikwa, hata kama haijasajiliwa.

Wako wasemao kwamba elimu ni ya Mwenyezi Mungu, basi kunakili hakuna ubaya. Ni kweli kwamba kunakili peke yake si dhambi. Mashairi mengi ya Muyaka bin Haji yangalipotea lau Mwalimu Sikujua wa Mombasa asingeyakusanya na kuyaandika. Lakini aliyaandika kuwa ni ya Muyaka. Na elimu ya Hadithi imesimama juu ya isnadi: fulani kapokea kwa fulani. Mwaminifu humtaja mwenye maneno, mwizi humfuta. Wanavyuoni wa Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, walipokutana Kuwait mwaka 1988, walikata shauri kwamba haki za utunzi zinalindwa na sharia, na haijuzu kuzivamia.

Huenda msomaji akauliza: afanyeje aliyefikwa na jambo hili? Bibi alianza kwa ushahidi. Alihifadhi nakala za kurasa zile pamoja na tarehe, kabla yule mtu hajapata habari. Kisha akamwandikia kwa adabu, akimnasihi aziondoe. Wiki mbili hakujibiwa. Ndipo akapeleka taarifa kwa kampuni inayoihifadhi tovuti ile. Marekebisho ya sheria ya mwaka 2019 yanaitaka kampuni ya namna hiyo, ikipata taarifa iliyo sawa, iuzuie ukurasa katika saa 48 za kazi, isipokuwa aliyelalamikiwa akileta pingamizi. Taarifa iwe ya maandishi, itiwe sahihi, itaje kazi iliyochukuliwa na ukurasa ilipo. Wala asiitumie mtu kwa chuki, kwani kutoa taarifa ya uongo nako ni kosa. Mambo yakizidi, iko Bodi ya Hakimiliki ya Kenya, na ziko mahakama.

Siku chache baadaye kurasa zile ziliondolewa. Fedha za Ramadhani ile hazikurudi. Sasa kila picha ya bibi ina jina lake pembeni, kama baadhi ya washairi wa kale walivyotia majina yao katika beti za mwisho. Watu bado humwomba ruhusa ya kunakili, naye huwapa.

"Atakaye na aombe," asema. "Sijapata kumfungia mlango aliyebisha hodi."