Abiria Wasio na Majina

Asubuhi ya tarehe 21 Mei, 1996, meli ya MV Bukoba, iliyotoka Bukoba kupitia Kemondo, ilipinduka katika Ziwa Victoria ikiwa imekaribia Mwanza. Uwezo wake ulikuwa abiria 430. Hesabu ya serikali ya waliokufa ilifika 894, bila kuwatia walionusurika.

Walizidi namna gani? Hapo ndipo swali la dhamana linapoanzia. Wasafiri wa daraja la kwanza na la pili walikuwa na orodha ya majina. Wa daraja la tatu hawakuandikwa popote. Basi mzazi aliyekimbilia bandarini angemwuliza nani, na kwa karatasi ipi? Alilazimika kumtafuta mwanawe miongoni mwa maiti.

Meli haikuzama papo hapo. Ilielea chini juu, na ndani mlikuwa na watu hai. Bamba likatobolewa ili watolewe. Hewa iliyoishikilia ikatoka, ikazama nao. Nia ilikuwa njema, sikatai, lakini ujuzi haukuwapo.

Maofisa wa Shirika la Reli Tanzania, mwenye meli, walishtakiwa. Lakini je, dhamana ilikuwa yao peke yao? Nani alikata tiketi zile, na nani aliyeiona meli imejaa akaiachia ing'oe nanga?

Tarehe 20 Septemba, 2018, katika ziwa hilo hilo, kivuko cha MV Nyerere, chenye nafasi za abiria 101, kilipinduka karibu na Ukara. Waliokufa walikuwa 228.